Mtoto umemwacha kwa nani? Kuuelewa mjadala wa ruzuku ya malezi katika nchi ya korosho

Novemba iliyopita nilikaa nusu siku kwenye ua mmoja wa akina mama wabanguaji wa korosho hapa Mtwara mjini. Walikuwa 11, chini ya bati, kila mmoja na rundo lake. Nilikwenda kwa jambo jingine kabisa, lakini nilichokiona pale ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Ganda la korosho lina mafuta makali. Yakikugusa yanababua, ngozi inakuwa nyeusi kisha inachunika. Ndiyo maana mbanguaji hupaka mikono majivu au mafuta kabla ya kugusa korosho ya kwanza. Mama niliyekaa karibu naye alikuwa na mtoto wa miezi 7, amemlaza juu ya khanga, hatua chache tu kutoka kwenye maganda. Mtoto alipolia, mama hakuweza kumshika. Aliinuka, akaenda kwenye ndoo, akanawa kwa sabuni, akanawa tena, akachungulia kucha moja moja, akajifuta, ndipo akamchukua. Akamnyonyesha, akamlaza, akarudi kwenye kigoda, akapaka majivu upya. Nilitazama saa: dakika 25. Asubuhi ile alifanya hivyo mara 3. Na pale hakuna mshahara wa siku. Unalipwa kwa kilo ulizobangua, na kila mtoto anapolia kilo zinasimama.

Nikamuuliza, "Dada, kwani nyumbani hakuna wa kubaki naye?"

"Nimwache kwa nani? Mama yangu yuko Newala, naye yuko kwenye korosho zake. Mkubwa wangu ana miaka 9. Juzi nilimzuia asiende shule abaki na mwenzie, jana mwalimu kanitumia ujumbe."

Jibu lile limebeba mjadala mzima ambao wataalamu wa sera huuita ruzuku ya malezi. Upande mmoja unasema Serikali isaidie kulipia vituo vya kulelea watoto wadogo, mama apate kufanya kazi na mtoto akue salama. Upande wa pili unasema mtoto ni wa wazazi wake, na Serikali ina madawati na dawa za kununua kwanza. Nimeusikia mjadala huu kwenye vikao, redioni na barazani, na karibu kila mara unaanza kwa kuteleza, kana kwamba leo malezi ni bure na kesho kuna watu wanataka yaanze kugharimu.

Hayajawahi kuwa bure. Bibi anayeacha palizi ili abaki na mjukuu amelipa. Binti wa miaka 9 anayekosa shule amelipa, na yeye atalipa kwa muda mrefu. Mama aliyebangua kilo 4 badala ya 7 amelipa. Mtoto anayetambaa karibu na maganda ya korosho naye amelipa kwa ngozi yake. Zote hizo ni ruzuku, zinatoka kwa watu wenye kidogo kuliko wote, na hazimo kwenye kitabu chochote cha bajeti. Tukilikubali hilo, kilichobaki ni kuulizana gharama hii iliyopo tayari ibebwe na nani, na kwa njia ipi.

Ruzuku tunaijua

Kusini neno hili halihitaji kamusi. Mkulima wa Tandahimba ukimtajia ruzuku anafikiria salfa. Katika misimu ya karibuni salfa na viuatilifu vya maji vimegawiwa kwa wakulima wa korosho bila kuvilipia, kwa hoja rahisi: mkorosho usiopuliziwa unapata ubwiriunga, mavuno yanashuka, na hasara haibaki kwa mkulima peke yake. Inaingia kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwenye ushuru wa halmashauri, na kwenye fedha za kigeni za nchi. Kwa hiyo umma unachangia gharama ya mtu binafsi kwa sababu faida inarudi kwa umma.

Hoja ya ruzuku ya malezi ni hiyohiyo. Mtoto aliyekula na kuchangamshwa miaka yake ya kwanza atakuwa mwanafunzi anayeelewa na mtu mzima anayezalisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Udumavu hauletwi na umaskini wa chakula pekee. Unaletwa pia na mtoto kula mara 2 badala ya mara 4, kwa sababu anayejua kumlisha ametoka alfajiri na atarudi jua likizama. Kwa mikoa ya Lindi na Mtwara, ambako chakula shambani si haba lakini muda wa mama ni haba sana, jambo hili lina uzito wake.

Mgogoro unaanza kwenye namna ya kuitoa hiyo ruzuku. Kuna kulipa kituo, yaani Serikali inagharimia mahali penyewe, kama inavyoleta salfa yenyewe. Kuna vocha, ambapo mzazi anapewa hati ya kulipia sehemu ya ada kwenye kituo anachokitaka. Kuna fedha mkononi, mzazi apewe kiasi fulani aamue mwenyewe. Na kuna nafuu ya kodi, ambayo nchi nyingi tajiri huitumia. Hiyo tusipoteze muda nayo, kwa sababu mbanguaji wetu hana hati ya mshahara wala kodi ya mapato ya kupunguziwa.

Vocha zina ushahidi mzuri hapa jirani. Huko Korogocho, Nairobi, watafiti waliwagawia vocha za kulipia malezi baadhi ya akina mama waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha wakawalinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Waliopewa walikuwa na uwezekano wa kuwa kazini uliozidi kwa pointi 8.5 za asilimia. Walionufaika zaidi kwa kupata kazi ni walioolewa. Akina mama wanaolea peke yao walikuwa wakifanya kazi tangu mwanzo, maana wasipofanya hawali. Kwao vocha iliwawezesha kuhamia kazi zenye saa zinazoeleweka, na kipato hakikushuka. Mambo mengine kama sauti ya mwanamke nyumbani hayakubadilika sana. Napenda matokeo ya namna hii kwa sababu hayajapambwa.

Lakini Korogocho ni mtaa uliobanana, wenye vituo vya kulelea watoto kila kona. Vocha ilikuta duka limeshafunguliwa. Peleka vocha hiyo kijiji kimoja cha wilaya ya Nanyumbu au Liwale na utakuwa umempa mama karatasi. Tuliona jambo la karibu na hili wakati wa vocha za pembejeo zilizoanza 2008 kwenye maeneo ya mahindi: mahali ambapo wakala wa pembejeo hakufika, au alifika mvua zikiwa zimeshapita, vocha haikuotesha hata shina moja.

Fedha mkononi nazo zina mvuto wake, hasa kwa anayeamini kwamba mzazi ndiye anayemjua mwanawe. Mexico ilijaribu kwanza kulipa vituo, kisha fedha mkononi. Mwaka 2007 ilianzisha vituo vya kulelea watoto vilivyolipwa sehemu kubwa na serikali, kwa ajili ya akina mama wasio na bima ya ajira. Mwaka 2019 serikali mpya ikaacha kuvilipa vituo na kuanza kumpa mzazi fedha moja kwa moja, mzazi achague, hata akitaka ampe bibi. Inasikika vizuri. Kilichofuata ni kwamba vituo vingi vilivyokuwa vikitegemea malipo yale vilifunga milango, na mzazi akabaki na fedha mkononi akitafuta pa kuzipeleka. Nyumba ya mtu masikini fedha ikiingia ina wenyewe wengi wanaoisubiri: deni la dukani, daftari, dawa. Simlaumu mzazi hata kidogo. Nasema tu kwamba fedha hiyo haitafika kwa mtoto eti kwa sababu tu iliandikiwa jina lake.

Kuanzia miezi 3 hadi miaka 5

Tazama jinsi huduma za umma zinavyompokea mtoto wa Tanzania. Mwanzoni Serikali ipo: kliniki, kadi, chanjo, matone ya vitamini A. Mama mwenye ajira ana likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa muda wa kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Kisha Serikali inatokea tena kwenye darasa la awali, ambalo tangu 2016 halina ada katika shule za umma. Hapo katikati, kuanzia mtoto ana miezi 3 hadi afikishe miaka 5, kila familia inajijua yenyewe.

Na hata zile ncha mbili hazimfikii kila mtu. Saa 2 za kunyonyesha kwa anayelipwa kwa kilo ni saa 2 zisizo na kipato. Sheria imempa haki ambayo akiitumia anajikata mshahara. Darasa la awali nalo huwatoa watoto kabla ya mchana, wakati mama yuko shambani au kwenye meza ya samaki pale feri. Mtoto wa miaka 5 anarudi nyumba imefungwa kwa komeo.

Sheria ya kusimamia vituo ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavitambua vituo vya kulelea watoto wadogo mchana na inataka visajiliwe, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye jicho la kwanza. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayofahamika kwa kifupi chake kirefu cha PJT-MMMAM, ya miaka mitano ya fedha kuanzia 2021/22, ikimhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Inazungumzia afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Nimeisoma na naiheshimu. Walioiandika wanamjua mtoto.

Tatizo ni kwamba masharti bila fedha yana tabia yake. Ukimwambia mwanamke anayelea watoto wa majirani chumbani kwake kwamba lazima awe na mazingira salama, choo kinachofaa na walezi wenye mafunzo, umesema kweli tupu. Lakini kama hakuna hata shilingi ya kumsaidia afike huko, ana njia mbili. Apandishe ada, na mama mbanguaji aondoe mtoto wake. Au asijisajili, aendelee kimyakimya, na afisa ustawi asimjue kamwe. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha ruzuku ambacho wapinzani wake hawakigusi: pasipo ruzuku, kanuni za kumlinda mtoto masikini zinaishia kumlinda mtoto wa mwenye nacho.

Tupige hesabu

Namba zifuatazo nimezipanga mwenyewe kwa mfano. Msomaji azibadilishe kwa bei za mtaani kwake. Chukua kituo chenye watoto 24 na walezi 3. Kila mlezi alipwe shilingi 150,000 kwa mwezi, jumla 450,000. Uji wa asubuhi na chakula cha mchana kwa shilingi 600 kwa mtoto kwa siku, siku 22, ni 316,800. Pango 90,000. Maji, sabuni na kuni 60,000. Jumla kuu ni shilingi 916,800, yaani 38,200 kwa kila mtoto kwa mwezi.

Mwenye watoto 2 wadogo atatakiwa kutoa 76,400. Mtu anayelipwa kwa kilo hawezi. Kwa hiyo mwenye kituo, akitaka kubaki na wateja, anatafuta pa kukata. Chakula hakikatiki sana, watoto watalia. Pango halikatiki, mwenye nyumba hana huruma na watoto. Anakata watu. Abaki na mlezi mmoja badala ya watatu, ada inashuka hadi 25,700, na hapo ndipo unapokuta binti mmoja wa miaka 17 na watoto 24, wawili wanatambaa kuelekea jikoni, mmoja amejisaidia, mmoja ana homa na hakuna aliyemgusa paji la uso. Wazazi wakisema vituo vya bei rahisi ni vibaya wanasema kweli. Ubaya huo hautokani na roho ya mwenye kituo. Umo ndani ya hesabu.

Sasa geuza. Halmashauri ilipe walezi wote 3, wazazi wachangie kilichobaki. 466,800 gawanya kwa 24: ni 19,450 kwa mtoto. Ada imeshuka karibu nusu bila kuondoa hata mlezi mmoja. Ndiyo maana nikiulizwa ruzuku iende wapi, nasema iende kwa mlezi. Majengo yana sherehe ya kuzindua, kuna utepe na kuna picha, na viongozi wetu wanayapenda. Mshahara wa mlezi hauna utepe. Lakini mtoto wa miezi 7 halelewi na ukuta.

Hapa napenda tujifunze kwa wakubwa waliokosea. Mwaka 1997 jimbo la Québec, huko Kanada, lilianza kutoa malezi kwa dola 5 kwa siku, bila kujali kipato cha mzazi. Akina mama waliingia kazini kwa wingi. Hilo halina ubishi. Ila wachumi Michael Baker, Jonathan Gruber na Kevin Milligan walipofuatilia watoto wenyewe, walikuta hasira na wasiwasi vimeongezeka kwa baadhi yao. Wapinzani wa ruzuku wanautaja utafiti huo hadi leo. Lakini maelezo yanayotolewa na wengi waliochunguza ni kwamba mahitaji yaliruka haraka kuliko vituo bora, na nafasi nyingi zikajazwa na vituo vya hali ya chini. Bei ilishushwa, nafasi ikatafutwa popote.

Sisi tunalijua jambo hili kwa macho yetu. Michango ya lazima katika shule za msingi ilipoondolewa 2016, watoto walimiminika darasa la kwanza, jambo la heri kabisa, na walimu wakajikuta na madarasa yasiyo na pa kukanyaga. Ukishusha bei ya malezi bila kuongeza walezi, utarudia yaleyale kwa watoto ambao hata kusema "mwalimu, nimesukumwa" hawawezi.

Hoja ya bibi

Hoja inayonigusa zaidi upande wa pili ni ya bibi, na sitaki kuipita juu juu. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo umefuatwa upande wa mama. Mtoto ni wa kwa mama, mjomba ana sauti, na bibi mzaa mama ndiye nyumba ya kwanza. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, ukianza kumlipa mtu alee mjukuu wako, kesho utamlipa mtu akuzike." Sikumbishia. Mimi mwenyewe nililelewa na bibi yangu juu kule Newala hadi nilipoanza shule. Alinifunga mbeleko akaenda nami kuchota maji, na uwanda ule wa Makonde maji hayako karibu. Nilijua majina ya mizizi na ndege kabla ya kujua a-e-i-o-u. Hakuna kituo kitakachonipa kile.

Ila bibi yangu alikuwa mzee, na bibi wa leo mara nyingi si mzee. Binti akizaa na miaka 20, na mama yake alimzaa na 20, bibi ana miaka 40 tu. Ana mikorosho yake, ni mwanachama wa AMCOS, kilo zake zinasubiriwa ghalani. Kuanzia Oktoba hadi karibu na Januari yuko chini ya mikorosho anaokota, anatenganisha mabibo, anaanika. Familia nyingi huhamia mashambani kabisa. Kwa hiyo hoja ya bibi ni ya kweli sehemu kubwa ya mwaka, na inaanguka katika miezi ileile ambayo kila mtu anamhitaji bibi. Na hiyo ndiyo miezi ambayo dada wa miaka 9 anatolewa shule.

Halafu kuna watu wa mjini ambao bibi yao yuko safari ya siku nzima. Mtwara imejaa watu waliofuata gesi, saruji, bandari na kazi za Serikali, na wabanguaji waliofuata viwanda. Kuwaambia "mpeni bibi" ni kuwaambia wamrudishe mtoto kijijini wakamwone mara mbili kwa mwaka. Wengi wanafanya hivyo. Nimeona mama akimshusha mtoto wa miaka 2 kwenye basi la Masasi, akageuka haraka ili asimtazame.

Burkina Faso wanatupa jibu la kututuliza hapa. Kwenye miradi ya kazi za umma mijini, yenye sura ya zile kazi za muda za TASAF, mfuko wetu wa maendeleo ya jamii, waliweka vituo vya kulelea watoto bila malipo karibu na akina mama waliokuwa wakifanya kazi hizo. Waliovitumia walikuwa takriban mama 1 kati ya 4. Ajira na kipato cha akina mama kikapanda, na watoto wakapiga hatua. Lakini angalia ile robo. Watatu kati ya wanne waliendelea na njia nyingine za malezi. Kwa hiyo ruzuku haimnyang'anyi bibi mjukuu. Inamfikia yule asiye na bibi. Na mpanga bajeti asiogope kwamba akifungua mlango, watoto wote wa wilaya wataingia kwa siku moja.

Fedha zitoke wapi

Hili ndilo swali halali kuliko yote, na halmashauri zetu si tajiri. Lakini kusini kuna kitu ambacho mikoa mingi haina: msimu unaoleta shida ya malezi ndio msimu unaoleta fedha. Ushuru wa mazao ya biashara unaokwenda halmashauri ni asilimia 3. Tukichukulia korosho imeuzwa mnadani kwa shilingi 3,000 kwa kilo, kila kilo inaacha shilingi 90 halmashauri. Tani 5 zinaacha 450,000. Ni zile 450,000 za walezi wetu watatu kwa mwezi mmoja. Tani 20 zinalipa miezi minne, msimu wote. Na wilaya zetu haziuzi tani 20. Zinauza maelfu kwa maelfu.

Najua ushuru huo una kazi nyingine, na najua bei inapanda na kushuka. Msimu wa 2018 hatujausahau, wakulima walivyokataa bei za wanunuzi na Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300. Kwa hiyo sisemi ruzuku yote itegemee mnada. Nasema kianzio kipo na kinapatikana kwa wakati unaofaa.

Wengi wakisikia haya hutaja mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama kikope, kifungue kituo. Mkopo ule hauna riba, na kwa kununua mikeka, masufuria na tangi la maji unafaa. Ila mkopo hurudishwa, na utarudishwa kwa ada ya nani? Ya yuleyule mbanguaji tuliyeona hawezi 38,200. Mkopo na ruzuku ni vitu viwili, na kuvichanganya ndiko kunakofanya vikundi vidaiwe na vituo vife mwaka wa kwanza.

Ningetaka tuanze na vituo vya msimu, Oktoba hadi Januari, vijijini na kwenye mitaa ya wabanguaji. Majengo yapo: shule shikizi, ofisi ya kijiji, madrasa ambayo asubuhi haina watoto, ukumbi wa kanisa. Walezi wachaguliwe na akina mama wenyewe, wapewe mafunzo, walipwe. Nasisitiza walipwe mshahara na si kifuta jasho. India ilijenga mtandao mkubwa wa vituo vya watoto tangu 1975, maarufu kwa jina la anganwadi, na hadi leo wanawake wanaoviendesha wanaandamana kwa sababu wanalipwa posho na hawahesabiwi kuwa watumishi. Hapa kwetu, Januari 2024, Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, baada ya miaka mingi ya kuwategemea watu hao wajitolee. Anayepima uzito wa mtoto kijijini ametambuliwa. Anayeshinda na mtoto huyo kwa saa 9 bado.

Mzazi naye achangie, hata kama ni unga na kuni. Mahali mzazi alipochangia ndipo anapouliza chakula kimekwenda wapi. Na orodha ya watoto ibandikwe ukutani pale kituoni, jina kwa jina, kila mwezi, kwa sababu tumeona kwenye pembejeo jinsi majina ya watu wasiokuwepo yanavyoweza kula salfa ya watu waliopo.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai, lakini mapendekezo hukusanywa kuanzia mtaa na kijiji miezi mingi kabla, na madiwani huipitisha bajeti mapema mwakani. Maana yake mikutano ya kusema "tunataka walezi walipwe" inaangukia palepale kwenye msimu, wakati wenye haja hiyo wako chini ya mikorosho au wamepaka majivu mikononi. Nilimweleza hivyo yule dada wa uani kabla sijaondoka. Alikuwa ananawa kwa mara ya tatu. Akasema mkutano wa kwao uliitishwa saa 4 asubuhi siku ya kazi, hakwenda. Kisha akaniuliza mwingine ni lini, na kama mtu anaruhusiwa kwenda na mtoto.